Damu ya Erupe, Mbwa ya Lopeyok

Kanamkemer, Lodwar
6 Februari 2024

Kwako Lopeyok, mwenye mbwa,

Ejok, uko mzima? Usijibu. Mimi mwenyewe sina ejok, na hiyo yako sitaki kusikia.

Anayeandika ni Jerusha, mke wa kijana yangu, ule ako na duka ya fotokopi. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asitoe tusi hata moja. Ameshatoa mbili, naona kwa uso yake.

Najua utauliza kwa nini barua na simu iko. Simu wewe unakatanga. Nikianza kukuambia ukweli unasema mtandao imepotea huko Kakuma. Barua huwezi kata. Itasomwa mpaka mwisho, hata ukikimbia utaikuta kwa nyumba imekungoja.

Sasa sikia. Umeniua.

Upande wa kulia, chini ya mbavu, kumetoka kitu kubwa kama ekicholong, kile kigoda ya mzee, mtu anaweza kuwekea kichwa alale. Chakula siwezi. Suruali inaanguka na tumbo inakataa kuanguka nayo. Hapa kwetu hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua: ini ikivimba hivyo, hiyo ni mbwa. Ile mayai inatoka nyuma ya mbwa, inaingia kwa sufuria, inaingia kwa mtu, inakaa kwa ini inajenga mfuko ya maji. Na mimi sina mbwa. Mwaka ile ya ukame nilikaa kwako. Bakuli yangu nani alikuwa analamba? Kaptula! Hiyo mbwa yako ya miguu nyeusi. Nilikuwa namfukuza na wewe unacheka, unasema, "Wacha aoshe vyombo, hapa maji ni shida."

Umeosha vyombo. Umeniosha na mimi.

Lopeyok, unajua mimi ni nani. Mamba ilinishika mguu kule Lowarengak, nikaiuma pua mpaka ikaniacha, na mpaka leo mamba ya hiyo upande ikisikia sauti yangu inatoka kwa maji kwenda kukaa na mbuzi. Mtu kama huyo hawezi kufa na mate ya mbwa halafu inyamaziwe. Nitatema laana. Laana ya mtu anakufa haina daktari, inatolewa na mwenyewe tu, na mate yake, akiwa hai. Itaingia kwa boma yako kwa mlango. Itaanza na Akal, msichana yako, na hiyo tumbo amebeba.

Kula vizuri.

Erupe
(Jerusha ameandika. Tusi zilikuwa nne.)


Kakuma
15 Februari 2024

Erupe,

Barua imefika na lori ya samaki ya Atiir. Ilikuwa inanuka. Sikujua ni samaki ama ni maneno yako.

Mimi pia sijui kuandika, kwa hivyo nimemwita Nyagoa, huyu mama wa South Sudan anauza chai karibu na mto Tarach. Alisoma huko kwao. Alipokuwa ananisomea ile ya mamba alimwaga chai ya mteja. Ameniuliza kama wewe ni mgonjwa ya ini ama ya kichwa.

Rika yangu, umefanya kitu mbaya. Mimi ungeniambia nife, ningecheka. Lakini barua ilisomwa Akal akiwa hapo anapepeta mtama. Unajua amepoteza watoto wawili kabla ya huyu. Akaweka ungo chini, akaingia ndani. Mpaka leo hali vizuri. Usiku mama yake anamsikia anaongea na tumbo.

Kwa hivyo na mimi nakuambia, na Nyagoa aandike na nguvu: laana ya uongo inarudi kwa mwenyewe. Unajua. Ukimtemea mtu hajakosa, mate inageuka katikati ya njia. Na wewe una wajukuu.

Kaptula ni safi. Watu wa serikali walikuja na dawa ya mbwa, akameza, mimi mwenyewe nilishika mdomo. Umeona wapi mbwa amemeza dawa kuliko watu?

Huko Lodwar kuna hospitali kubwa. Wacha kupimwa na watoto wa kuchunga mbuzi. Nenda watoe damu, wapige picha. Damu ikisema ni Kaptula, nitakuja na miguu mpaka Kanamkemer nikae mbele yako, useme yako yote. Ikisema si Kaptula, utakula hiyo barua, na harufu yake ya samaki.

Lopeyok


Lodwar
4 Machi 2024

Lopeyok, mtetezi wa mbwa,

Nimeenda. Usifikirie nimeenda kwa sababu umesema. Nimeenda kutafuta shahidi ya kukumaliza.

Kwanza walinilaza, wakanipaka kitu baridi kwa tumbo kama mtu anabarikiwa vibaya, halafu daktari akaanza kusukuma kamera juu ya ini. Ni msichana, anaitwa Sylvia, mdogo lakini macho kali. Nikamwambia, "Daktari, tafuta mfuko ya maji. Ukiiona sema kwa sauti, Jerusha aandike." Akaangalia. Akaangalia tena. Akanyamaza, na mimi sipendi mwanamke akinyamaza juu ya tumbo yangu. Akasema, "Mzee, sioni maji. Naona kitu imejaa." Nikamwambia labda ni mbwa mwenyewe ameingia mzima.

Akasema basi tutoe damu. Kuna kitu inaitwa AFP. Sikia hii kitu, utacheka mpaka meno iliyobaki itoke. Anasema mtoto akiwa bado tumboni, ini yake inatengeneza hiyo kitu nyingi nyingi. Akizaliwa, inapungua, inapungua, mpaka mtu mzima anabaki na kidogo tu. Sasa mzee akipatikana nayo nyingi, ini yake imeanza kurudia utoto. Nikamuuliza, "Na wengine wanakuwanga nayo nani?" Akasema, "Mama mjamzito." Nikamwambia niangalie vizuri, daktari, mimi nilikuwa mwanaume nikiingia hapa.

Wauguzi wote walicheka. Hiyo siku hospitali ililala na furaha kwa sababu ya Erupe.

Halafu akaona bega yangu. Zile alama za vita. Akauliza nilichanjwa na nini. Nikamwambia hadithi yote, jinsi tulirudi kutoka vita mimi mbele, wewe nyuma umebeba maji, na yule mzee akatuchanja siku moja na kisu moja, mimi kwanza, wewe baadaye, na wewe ulilia. Akaacha kucheka. Akauliza, "Kisu moja? Haikuoshwa?" Nikamwambia kisu ya wanaume haioshwi. Akaandika.

Damu imeenda Eldoret kwa mashine kubwa. Naingoja. Ikifika, jiandae. Nimeanza kukusanya mate.

Erupe


Lodwar
19 Machi 2024

Lopeyok,

Leo ni fupi.

Damu imerudi. Imesema ni mbwa.

Nimesikia na masikio yangu. Kwa hivyo sina deni ya kula karatasi. Lakini mimi si mtu wa haraka, na sitaki mtu aseme Erupe alitema bila kuonya. Wewe umelala na hiyo mbwa miaka, umekula na yeye, umepanguswa na ulimi yake. Nataka tuone nani mchafu zaidi.

Nenda hospitali hapo Kakuma. Waambie watoe damu waangalie ile ugonjwa ya ini inaitwa B. Waambie AFP. Waambie picha ya ini. Yote tatu. Usiende kwa mganga, usiende kwa yule mtu anauza vidonge kwa kijaluba. Hospitali. Karatasi inifikie hapa kabla ya mvua. Isipofika, natema, na nitatema nikiangalia upande wa Kakuma.

Usikuje na miguu. Sitaki kuona uso yako. Leta damu tu.

Erupe
(Jerusha: Amenisimamia nikiandika hii. Amenifanya nirudie "yote tatu" kwa sauti.)


Kakuma
11 Aprili 2024

Erupe,

Nyagoa anasema nipumue kwanza ndiyo nianze kusema. Nimepumua. Haijasaidia.

Barua yako ilifika, ikasomwa: "Imesema ni mbwa." Akal alikuwa ameketi. Aliniangalia tu. Nikachukua mkuki. Nikamwita Kaptula, na alikuja mbio, mkia juu, alifikiria tunaenda kuchunga. Nilimpeleka kwa lagga, ule mto mkavu, nyuma ya mti ya miiba. Erupe, hiyo mbwa iliniangalia. Nilimuua na mkono yangu, kwa sababu ya maneno yako, nikarudi nikamwambia msichana yangu, "Imeisha, kula." Akakula.

Halafu nikaenda hospitali, kwa hasira. Nilitaka karatasi safi nikupige nayo kwa uso. Daktari wa hapa ni kijana mpole, Ethuro. Akatoa damu. Nikamwambia, "Angalia kama nina AFP ya mbwa." Akaniuliza, "AFP ya nini?" Nikamwelezea barua yako. Akaanza kucheka, kisha akaona sicheki.

Akaniambia hivi: hiyo AFP haijui mbwa. Mfuko ya maji ya mbwa inaweza kujaa ini yote na AFP ikae chini imelala. AFP ikipanda sana kwa mzee ni kitu ingine, na peke yake haitoshi, lazima picha iseme nayo. Kwa hivyo damu yako haikusema mbwa. Damu haiwezi kusema mbwa! Umenidanganya, wewe mtu wa mamba. Umeshika mkono yangu kutoka Lodwar ukaua mbwa hakukosa kitu.

Sasa laana ni yangu. Mimi ndiyo nimekosewa. Nikitema mimi, haitageuka njiani.

Na kuna ingine. Nilikuwa nataka kuficha lakini Nyagoa amesema barua ya nusu ni uongo. Karatasi yangu si safi. Ile B iko. Daktari anasema imekaa ndani labda tangu nikiwa kijana, imenyamaza kama mwizi. AFP imepanda, si sana. Na kwa picha kuna kitu kwa ini, ndogo, kama tunda ya mkoma haijaiva. Mimi sisikii maumivu yoyote! Nakula, nachunga, nakojoa mbali. Wanasema kwa sababu ni ndogo inaweza kukatwa. Wananipeleka Eldoret wiki ijayo.

Niambie ukweli. Yako ni nini? Na hiyo laana ya Akal, umetema ama hujatema? Anauliza kila asubuhi. Karibu anazaa. Mimi nitakuchukia baadaye, nina wakati. Jibu yeye kwanza.

Lopeyok

(Mimi Nyagoa naongeza: Mzee Erupe, mimi nilipoteza watu wengi njiani kuja hapa. Ile yote haikuniliza. Lakini huyu mzee anarudi kutoka lagga na mkuki chini, hiyo iliniliza. Jibu haraka. Khalas, nimemaliza.)


Lodwar
16 Aprili 2024

Lopeyok,

Nimedanganya. Na nilidanganya vizuri. Ungeambiwa na mtu mwingine usingeshika mkuki.

Ya kwanza, kwa sababu ya Akal: sijatema. Tangu barua ya kwanza nilikuwa nasema tu nitatema. Mate yangu nilikuwa nayo mdomoni. Leo nimeitoa. Hapa chini ya karatasi kuna mahali imelowa, Jerusha amezungusha na kalamu. Hiyo ni baraka. Mwambie Akal aweke kwa tumbo. Asilambe. Wewe pia usilambe, najua tabia yako.

Sasa yako.

Damu yangu ilirudi na namba ndefu, Sylvia alikuwa anaisoma kama anahesabu mbuzi ya tajiri. Ya mtu mzima hata kumi haifiki. Yangu ni maelfu. Nikamwambia, "Unaona? Hata kwa ugonjwa sina wa kunifikia." Kansa ya ini. Ile B ilianzisha, zamani, labda iliingia na hiyo kisu ya damu ya watu. Kubwa, imeingia kwa mshipa. Hakuna kukata. Dawa ya maumivu iko, na maneno matamu. Nikamuuliza, "Na mbwa?" Akasema, "Mzee, mbwa hayuko hapa kabisa."

Unajua nilifanya nini? Nilikasirika. Si kwa sababu nakufa. Kwa sababu sina wa kuchukia! Nilikuwa nimeshapanga yote, jinsi utakuja na miguu, jinsi utakaa kwa vumbi. Sasa nimebaki na kansa, na kansa haina jina ya baba, utaitukana namna gani?

Halafu Sylvia akasema, "Yule mlichanjwa naye kisu moja yuko wapi? Apimwe haraka. Ukiwahi, inashikwa ikiwa ndogo."

Hapo ndiyo nilifurahi, Lopeyok. Nilikuona. Nikaona nimekupata.

Wewe ningekuambia, "Rika yangu, tafadhali nenda upimwe, nakupenda," ungeenda? Ungesema Erupe ameanza kulia kama mwanamke, ungekaa hapo na mbwa yako mpaka ini ifike magoti. Wewe husikii kitu isipokuwa tusi. Kwa hivyo nilikutukana mpaka hospitali.

Usianze kunishukuru. Nitakuambia kwa nini. Wote tulichanjwa siku hiyo wameisha. Tumebaki mimi na wewe. Mimi naenda. Na nikifikiria kwamba naenda huko chini halafu baada ya mwaka moja unanifuata, unakaa kando yangu, unaanza "Erupe, hiyo ya mamba si kweli," hapana! Nataka kupumzika kelele yako. Miaka. Na wewe ubaki. Ubaki mpaka usione, mpaka wajukuu ya Akal wakutafunie nyama. Wakichinja ng'ombe, ukae mahali ya wazee wa rika yetu peke yako, na paja yote mbele yako, na hakuna mtu ya kugombania. Useme hadithi ya vita na hakuna mtu wa kukuambia unadanganya. Wataitikia tu, "Ndiyo babu, ndiyo babu." Hiyo ndiyo laana yangu. Nimeitoa kwa roho safi. Kuiondoa kwako siwezi, imeshaingia na karatasi ya hospitali.

Ya Kaptula, hiyo sikupanga. Nilikutuma kwa daktari, sikukutuma kwa lagga. Hiyo ni haki yako unichukie. Chukia.

Erupe


Kakuma
2 Septemba 2024

Erupe,

Jerusha anasema bado uko. Vizuri. Nilikuwa naogopa ufe kabla nikulipe.

Eldoret walinifungua wakakata kipande ya ini, wakanionyesha. Ndogo, chafu, imefanana na wewe. Sasa nameza tembe moja kila siku ya kushikilia ile B, na kila miezi tatu natoa damu. AFP ilikuwa imepanda, baada ya kukatwa ikaanguka mpaka chini kabisa. Daktari Ethuro anasema ikianza kupanda tena ndiyo watajua mapema kitu inarudi, kabla mimi nisikie. Kwa hivyo kila miezi tatu lazima nikae kwa benchi na wamama wajawazito, watolewe damu na mimi nitolewe, na nikufikirie wewe. Umeniweka kazi mpaka nife.

Akal amezaa. Mvulana. Karatasi yako aliiweka kwa tumbo mpaka siku hiyo, ikachanika. Jina hatukumpa lako. Nilikataa.

Ile laana yako nimeisikia. Nyagoa amenisomea mara nyingi, mimi mwenyewe namwomba. Ni kweli. Juzi walichinja, nikakaa peke yangu, paja yote. Nikasema ile ya vita, nikasema mimi ndiyo nilikuwa mbele. Hawakubisha. Erupe, hata mmoja hakubisha! Nilikuwa nasikia uchungu kwa meno.

Umenipiga vibaya. Kwa hivyo sikia na mimi yangu.

Nimechukua mbwa. Mdogo, tumbo kubwa, mguu nyembamba, anabweka akiona kivuli yake. Muongo sana: anabweka kama ameua simba, kumbe ni kuku. Nimemmezesha dawa. Hali kwa sufuria yetu, ana yake. Na nimempa jina. Kila asubuhi Kakuma yote inanisikia: "Erupe, toka kwa maziwa! Erupe, wacha kunya hapo! Erupe, lala chini!" Watoto wa jirani, wa Nyagoa, Wasomali wa duka, wote wanakuita. Jana ulipigwa na ufagio.

Ukienda huko chini kupumzika, sikiza. Utaitwa.

Lopeyok


Lodwar
12 Septemba 2024

Kwa Mzee Lopeyok,

Ni mimi Jerusha. Hii naandika peke yangu.

Mzee alituacha Jumanne alfajiri. Barua yako ilikuwa imefika Jumapili. Alikuwa hana nguvu, maji tunampa na kijiko. Nikamsomea. Ilipofika kwa mbwa alinishika mkono, akasema, "Rudia." Nikarudia. Ilipofika kwa ufagio alicheka mpaka tukaogopa, tukamwinua, na bado anacheka na macho imejaa machozi, anasema, "Huyo mtu ni mbaya. Huyo mtu ni mbaya kabisa."

Halafu akalala. Jioni akaamka, akaniambia nilete kalamu. Nikaleta. Nikamwambia sema, Mzee, naandika. 

Akasema, "Mwandikie Lopeyok. Mwambie ajaribu kuita hiyo mbwa jina yangu mara moja tu na sauti mbaya, nimeituma imuume."

Jerusha